Dungeons & Dragons: Filamu iliyozikwa na wahakiki, na miaka 23 ya kuifufua

FILAMU ya Dungeons & Dragons, iliyotokana na mchezo wa mezani wenye jina hilo hilo, iliingia katika majumba ya sinema ya Marekani Desemba 8, 2000 ikiwa imegharimu kiasi cha dola milioni 45 kuitengeneza. Ilipoondoka katika majumba hayo ilikuwa imeingiza takriban dola milioni 15 katika Marekani na Canada, na jumla ya dola milioni 33.8 duniani kote, huku wahakiki wakiwa wamekwisha kuizika.

Hasara ya fedha ni jambo la kawaida katika biashara ya filamu. Kilichoifanya filamu hiyo iendelee kutajwa robo karne baadaye ni namna ilivyokataliwa na pande mbili ambazo kwa kawaida hazipatani: wahakiki wa magazeti, ambao wengi wao hawakuwahi kuucheza mchezo huo, na wachezaji wenyewe, ambao walikuwa tayari kusamehe mengi ili mradi wayaone majoka yao yakiruka katika skrini kubwa.

Katika mtandao wa Rotten Tomatoes, unaokusanya maoni ya wahakiki, ni takriban mmoja tu kati ya kila kumi aliyeisifu. Mtandao wa Metacritic, ambao hutoa wastani wa alama, umeipa 14 kati ya 100. Inafaa kuitambua tofauti ya hesabu hizo mbili, maana huchanganywa mara nyingi. Asilimia ya Rotten Tomatoes si alama ya ubora, bali ni idadi ya wahakiki walioona kuwa filamu inafaa kutazamwa. Filamu inaweza kufikia asilimia 90 bila hata mhakiki mmoja kuiita kazi bora. Kwa Dungeons & Dragons tofauti hiyo haikuwa na maana yoyote, kwani hesabu zote mbili zilikubaliana.

Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliyekuwa miongoni mwa wahakiki waliosomwa zaidi Marekani hadi alipofariki dunia mwaka 2013, aliipa nyota moja na nusu kati ya nne. Aliandika kwamba ilionekana kana kwamba watengenezaji waliutupa mchezo wenyewe, kisha wakalipiga picha boksi lake.

Kejeli hiyo ya mstari mmoja imebeba uchambuzi mzito kuliko kurasa nyingi zilizoandikwa na wenzake. Ila ili kuielewa, ni lazima kwanza kuujua mchezo uliokuwa ndani ya boksi.

MCHEZO USIO NA MSHINDI

Dungeons & Dragons ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 na kampuni ndogo ya TSR ya mji wa Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin. Waliobuni ni Gary Gygax na Dave Arneson, wote wawili wakiwa wametoka katika vikundi vya wapenzi wa michezo ya vita inayochezwa mezani kwa vinyago vya askari. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu.

Tofauti na bao, drafti au karata, mchezo huu hauna mshindi wala mwisho uliopangwa. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza, kila mmoja akiwa na mhusika wake: shujaa wa upanga, mchawi, mwizi au kuhani. Mmoja wao huwa msimuliaji na mwamuzi. Huwaeleza wenzake wamefika wapi na wanaona nini, kisha huwauliza watafanya nini. Wakiamua kuruka daraja lililokatika, dadu ya pande 20 hurushwa. Ikitoa namba kubwa, wamevuka. Ikitoa moja, kuna mtu anatumbukia.

Hadithi, kwa hiyo, hujengwa papo hapo kwa mdomo, na mara nyingi hujengwa kwa makosa. Mpango uliojadiliwa saa nzima huharibiwa na dadu moja, na wachezaji hulazimika kubuni mwingine huku wakicheka. Mtu aliyezoea kusikiliza watambaji wa hadithi anaweza kuuelewa mchezo huu upesi kuliko bingwa wa drafti.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuutia katika filamu. Riwaya ina visa na wahusika ambao msomaji anawajua. Mchezo huu una kanuni, ramani na vitabu vizima vya madubwana, lakini hauna hata kisa kimoja ambacho kila mchezaji anakifahamu. Anayenunua haki zake ananunua jina, orodha ya madubwana na desturi ya watu kukaa mezani. Viwili vya kwanza hupigika picha kwa urahisi.

Kwa wachezaji kulikuwa na jambo jingine lililoipa filamu hiyo uzito. Katika miaka ya 1980, mchezo huo ulishutumiwa nchini Marekani kuwa ni mlango wa ushetani na chanzo cha vijana kujiua. Mwaka 1982 televisheni ya CBS ilionyesha filamu ya Mazes and Monsters, ambamo Tom Hanks, akiwa bado hajawa nyota, aliigiza mwanafunzi anayerukwa na akili kwa sababu ya mchezo wa aina hiyo. Mwaka uliofuata kikaanzishwa kikundi cha wazazi kilichoitwa BADD, kazi yake ikiwa ni kuupiga vita. Tuhuma hizo hazikuthibitishwa, lakini doa lilibaki.

Filamu nzuri ingewasafisha wachezaji hao mbele ya wazazi, walimu na majirani zao. Filamu mbaya ingewafanya wachekwe. Mwaka 2000 walipata ya pili.

MIAKA KUMI YA KUTAFUTA FEDHA

Majaribio ya kuuingiza mchezo huo Hollywood yalianza mapema. Gygax mwenyewe alihamia California katika miaka ya 1980 kwa shughuli hiyo, na matunda yake yakawa mfululizo wa vikaragosi ulioonyeshwa na CBS kuanzia 1983 hadi 1985. Filamu kubwa haikupatikana.

Haki za filamu hatimaye ziliangukia mikononi mwa Courtney Solomon, kijana wa Canada aliyekuwa na umri wa takriban miaka 20 tu alipozipata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alizunguka nazo kwa muda wa karibu miaka kumi akitafuta fedha. Katika kipindi hicho TSR iliyumba na kununuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, nayo Wizards ikamezwa na kampuni ya vinyago ya Hasbro mwaka 1999. Solomon, ambaye hakuwa amewahi kuongoza filamu hata moja, mwishowe alikalia mwenyewe kiti cha mwongozaji.

Picha zilipigwa katika Jamhuri ya Czech, ambako majengo ya Prague yalisaidia pale ambapo fedha hazikutosha. Sehemu moja ilipigwa katika kanisa la Sedlec, lililo maarufu kwa kupambwa kwa mifupa ya maelfu ya binadamu. Ni miongoni mwa mandhari chache katika filamu hiyo zinazotisha kweli, na si ajabu, kwa kuwa mifupa yenyewe ni ya kweli.

Kisa chake kinahusu dola la Izmer, ambako wachawi ndio tabaka tawala na watu wa kawaida huishi kama watwana. Malkia kijana Savina, anayeigizwa na Thora Birch, anataka usawa kwa wote. Mchawi Profion, yaani Jeremy Irons, anataka kumpindua kwa kutumia fimbo ya kale yenye uwezo wa kuyaamrisha majoka mekundu. Vibaka wawili, Ridley (Justin Whalin) na Snails (Marlon Wayans), wanajikuta katikati ya mvutano huo baada ya kuvunja na kuingia katika chuo cha uchawi.

Kwa maandishi kisa hicho si kibaya. Dola ambamo elimu ya siri ni mali ya wachache lingeweza kubeba filamu yenye hoja. Lakini usawa unaopiganiwa hutajwa katika hotuba tu; mtazamaji haonyeshwi mtwana anaishi vipi, anakula nini wala anamwogopa nani.

Wahakiki walimlenga zaidi Irons. Mwingereza huyo alikuwa ameshinda Oscar ya mwigizaji bora wa kiume kwa filamu ya Reversal of Fortune, na hapa alionekana akinguruma, akikenua meno na kutetemesha mikono kama mtu anayeigiza kwa ajili ya viti vya nyuma kabisa vya uwanja wa mpira. Kuna waliosema amejidhalilisha. Wengine walihoji kwamba yeye peke yake ndiye aliyetambua ni filamu ya namna gani aliyomo, na anayeitazama leo hakosi kuona kwamba kila anapotoka katika skrini, uhai wa filamu nao hupungua.

Birch naye alikosolewa kwa sababu iliyo kinyume. Alikuwa ametoka kushiriki katika American Beauty, filamu iliyotwaa Oscar ya filamu bora Machi 2000, lakini hotuba zake za kimalkia alizitoa kana kwamba anasoma taarifa ya mikutano. Bruce Payne, aliyekuwa Damodar, askari mkuu wa Profion, alikumbukwa kwa midomo yake iliyopakwa rangi ya buluu kuliko kwa ukatili wake. Majoka ya kompyuta katika vita vya mwisho yalifananishwa na michezo ya video, tena si ile mizuri.

Lawama iliyokuwa nzito zaidi kimaadili ilihusu Snails. Wayans ni mchekeshaji hodari, na mwaka huo huo alikuwa amevuma kwa Scary Movie. Katika Dungeons & Dragons alipewa nafasi ya mwizi mweusi mwoga, anayepiga mayowe, anayejikwaa ovyo na hatimaye kuuawa ili rafiki yake mzungu apate sababu ya kuwa shujaa. Wahakiki kadhaa waliiona ni sura ile ile ya Mwafrika wa kuchekesha iliyotumiwa na Hollywood kwa miongo mingi kabla ya vita vya pili vya dunia. Filamu ambayo maudhui yake yanayotangazwa ni usawa ilistahili kuulizwa swali hilo.

Wachezaji walikuwa na orodha yao. Dubwana liitwalo beholder, tufe linaloelea hewani likiwa na jicho kubwa katikati na mengine kumi juu yake, ni miongoni mwa viumbe wanaoogopwa zaidi mezani. Katika filamu lilifanywa mlinzi wa kawaida anayezugwa kwa kutupiwa jiwe pembeni. Kwa mtazamaji wa kawaida hilo ni jambo dogo. Kwa aliyewahi kupoteza mhusika aliyemlea kwa miaka miwili kutokana na dubwana hilo, ilikuwa dharau.

Pande zote mbili, bila kusemezana, zilikuwa zikilalamikia jambo moja. Majina yalikuwapo na madubwana yalikuwapo, lakini hapakuwa na chochote cha ile desturi ya watu kukaa pamoja, kupanga, kukosea na kubuni upya. Mashujaa wa filamu hiyo hupita kutoka tukio moja hadi jingine kwa sababu mswada umewaambia hivyo. Ndilo boksi alilolisema Ebert.

KIVULI CHA LORD OF THE RINGS

Msambazaji wa filamu hiyo nchini Marekani alikuwa New Line Cinema. Desemba 2001, mwaka mmoja tu baadaye, kampuni hiyo hiyo ilitoa sehemu ya kwanza ya The Lord of the Rings iliyoongozwa na Peter Jackson, ambayo iliteuliwa kuwania tuzo 13 za Oscar na kushinda nne. Visingizio vyote vikaanguka. Haikuwezekana tena kudai kwamba watazamaji hawataki majoka na wachawi, au kwamba wahakiki wana chuki na filamu za njozi. Watetezi wa Solomon husema, na wana haki, kwamba Jackson alikuwa na fedha takriban mara mbili na riwaya iliyokamilika ya kutegemea.

Jina la Dungeons & Dragons lilishuka hadi kwenye televisheni na DVD. Wrath of the Dragon God ilitoka mwaka 2005 na The Book of Vile Darkness mwaka 2012, zote chini ya mwongozaji Gerry Lively na kwa bajeti ndogo. Ya 2005 iliwaridhisha kiasi baadhi ya wachezaji, kwa kuwa ilifuata kundi la mashujaa wenye kazi tofauti kama ilivyo mezani. Wahakiki wakubwa hawakuzishughulikia.

Zilishughulikiwa na mahakama. Mwaka 2013 Hasbro iliishitaki kampuni ya Solomon, Sweetpea Entertainment, baada ya Sweetpea kukubaliana na Warner Bros. kutengeneza filamu mpya. Mvutano ulikuwa kuhusu nani mwenye haki na iwapo kazi hizo za bei nafuu zilitosha kuzihifadhi haki za Sweetpea. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2015, na baadaye mradi ukahamia Paramount.

KUSHINDWA KWA MASHUJAA

Dungeons & Dragons: Honor Among Thieves ilitoka Machi 31, 2023, ikiongozwa na Jonathan Goldstein na John Francis Daley. Waigizaji wake ni pamoja na Chris Pine, Michelle Rodriguez, Justice Smith, Sophia Lillis, Hugh Grant na Regé-Jean Page, Mwingereza aliyekulia Zimbabwe. Iligharimu takriban dola milioni 150.

Ilitanguliwa na mashaka. Trela ya Julai 2022 ilimwonyesha mhusika wa Lillis akijigeuza owlbear, dubwana lililo nusu bundi nusu dubu, na wachezaji wakaibuka na vitabu mkononi kueleza kuwa kanuni haziruhusu. Kubwa zaidi, Januari 2023 ilivuja habari kuwa Wizards of the Coast ilikusudia kubana leseni iliyowaruhusu watu wengine kuchapisha kazi zinazotumia kanuni za mchezo. Hasira zilikuwa kali kiasi cha watu kuhimizana kuisusia filamu. Mwishoni mwa mwezi huo kampuni ilirudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons.

Wahakiki waliipokea kwa namna ambayo wachache waliitarajia: asilimia 91 katika Rotten Tomatoes na alama 72 katika Metacritic. Tofauti ya tarakimu hizo mbili inaeleza ukweli wa mambo, kwamba wengi waliipenda lakini wachache waliiona kuwa kazi kubwa ya sanaa. Sifa zilizojirudia zilikuwa ucheshi, ukaribu wa wahusika na uwazi wa hadithi.

Sehemu iliyotajwa sana ni ile ya makaburini. Mashujaa wanahitaji habari kutoka kwa wapiganaji waliokufa zamani, na uchawi walionao huruhusu kila maiti kuulizwa maswali matano tu, kisha hafufuki tena. Wanayapoteza maswali kwa kubishana wao kwa wao, kwani kila kauli yenye umbo la swali huhesabiwa, hivyo wanalazimika kufukua kaburi jingine, na jingine. Kanuni ya mchezo imegeuzwa kuwa kichekesho, na asiyeijua kanuni hiyo anacheka sawa na anayeijua.

Baadaye wanabuni njia ya kuingia katika hazina kwa kupachika mlango wa kichawi nyuma ya picha ya ukutani. Mpango ni wa werevu na unaelezwa kwa kina. Picha inaanguka kifudifudi, na mlango unafunguka kuelekea sakafuni. Pale mezani, hiyo ndiyo dadu iliyotoa moja, na Goldstein na Daley wameijenga filamu nzima juu ya nyakati za namna hiyo. Mhusika wa Pine, Edgin, karibu hana uwezo wowote wa ajabu; kazi yake ni kutoa mpango mwingine kila uliopo unapovunjika.

Hata mfululizo wa vikaragosi wa 1983 ulikumbukwa: watoto wake wanapita kwa sekunde chache katika mashindano ya uwanjani, wakiwa na mavazi yao yale yale. Hakuna anayewataja. Anayewajua anawaona.

Sifa hizo hazikutosha kuijaza hazina ya watengenezaji. Filamu iliingiza takriban dola milioni 208 duniani kote. Kwa kuwa wenye majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya mauzo ya tiketi, na matangazo hulipiwa nje ya bajeti ya utengenezaji, kiasi hicho hakikurudisha gharama. Ilitoka wiki moja baada ya John Wick: Chapter 4 na siku chache kabla ya The Super Mario Bros. Movie, iliyozoa zaidi ya dola bilioni moja. Wapo pia wanaoamini kuwa jina lenyewe liliwafukuza wasiocheza, waliodhani kuwa wangehitaji kujua kanuni kabla ya kukata tiketi, na kwamba kumbukumbu ya mwaka 2000 bado ilikuwa na makali.

Filamu ya Solomon nayo haikufa. Imekuwa miongoni mwa zile zinazotazamwa kwa makusudi ya kuchekwa, na anayetafutwa na watazamaji hao ni Irons. Mwenyewe hajawahi kuona haya. Alipoulizwa sababu ya kuikubali kazi hiyo, alijibu kuwa alikuwa amenunua ngome na ilibidi ailipie. Ngome hiyo, Kilcoe, ipo ufukweni mwa kaunti ya Cork nchini Ireland. Ilikuwa gofu alipoinunua, na ukarabati wake ulichukua miaka kadhaa.